Nyuma ya Fundi Pasiwe na Kitu

Restuta alinivunja kidole mwaka ule wa kwanza aliposhika mashine ya kusaga, na mpaka leo ni rafiki yangu. Nilikuwa nimeinama kuweka ndoo yangu ya mahindi mahali asipopataka, akaipiga teke na mkono wangu ukiwa bado kwenye mpini. Hakuniomba radhi. Jioni alikuja nyumbani na kibuyu cha maziwa ya mtindi, akakaa kidogo, akasema, "Melania, kesho weka ndoo nje," akaondoka. Watu wengi hapa Bukiriro wanamsimulia kama mwendawazimu. Mimi nilikuwepo tangu mwanzo, na wazimu sikuuona.

Mashine ni ya Mzee Hatibu, mfanyabiashara wa Ngara mjini, ambaye babu yake alikuja huku kutoka Pwani na mzigo wa chumvi. Chumba chake ni kidogo. Zamani kilikuwa duka la sabuni na mafuta ya taa, hatua nne kwa tano, basi. Kinu kimekaa katikati, mota iko pembeni yake, na kwenye ukuta wa kushoto kuna boksi la chuma la umeme, lile lenye swichi kubwa, ambamo nyaya nene tatu kutoka kwenye nguzo zinaingia.

Desturi yetu ya foleni ni hii. Mtu akifika mashineni akakuta wenzake wametangulia, hashindi pale siku nzima. Anaacha kiroba chake au ndoo yake kwenye mstari, naye anakwenda zake sokoni au zahanati. Kile kiroba ndicho yeye. Akirudi anakikuta nyuma ya kile kile alichokiacha mbele yake. Mkono wa mtu mwingine haukigusi. Ukikitoa kwenye mstari umemtoa mwenyewe, na nimeona kwa macho yangu wanawake wawili wa jumuiya moja, wanaosali rozari pamoja kila Alhamisi, wakipigana mpaka damu kwa ajili ya ndoo iliyosogezwa shubiri moja.

Mume wa Restuta aliitwa Fabrice, naye alikuwa fundi umeme. Alikuwa mpole, mwenye utani, hajawahi kumpiga mkewe wala mtu. Siku moja ya soko, nyaya za ndani ya lile boksi zililegea zikaanza kutoa cheche, wakamwita. Wakati ule foleni ilipita ndani ya chumba, ikifuata ukuta, ikipita mbele ya boksi lenyewe. Fabrice alipofungua mlango wa boksi, nyuma ya magoti yake kulikuwa na kiroba kimefungwa kwa kipande cha kitenge cha kijani, na nyuma ya hicho vingine vinne vimeegemeana.

Mwendesha mashine wa wakati ule akamwambia, "Fundi, nikuondolee hivi viroba upate nafasi?"

Fabrice akageuka, akakitazama kile kitambaa cha kijani, akacheka. "Hicho cha kwanza ni cha mama Tecla, mke wangu. Kikitoka hapo leo watasema fundi anampangia mkewe foleni. Kiache, nitabana tumbo."

Maneno hayo tuliambiwa baadaye na huyo mwendesha mashine.

Spana ya Fabrice iligusa nyaya mbili kwa pamoja. Ulitoka mlio, tukausikia mpaka sokoni. Yeye akaruka nyuma, kama mtu yeyote anavyoruka moto unapomlipukia usoni. Lakini magoti yake yaligonga kiroba, viroba vingine vikakishikilia kisianguke, mwili ukakosa pa kwenda ukarudi mbele, na mikono ikatangulia. Mikono yote miwili iliingia ndani ya boksi. Mwendesha mashine alimpiga kwa ubao, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu ndipo akaachia. Tulipofika alikuwa amelala juu ya mahindi, nywele za mbele hazipo, viganja vimefunguka mpaka mfupa, na chumba kinanuka kama jiko la nyama. Nilisema Baba Yetu nikapotea katikati.

Restuta alikuja mbio kutoka sokoni, na unga wa muhogo bado uko mikononi. Alimwona mumewe. Halafu akaona kile kitambaa cha kijani. Hakulia. Aliuendea ukuta akaanza kuugonga kwa paji la uso, kwa mwendo mmoja, kama mtu anayetwanga, na tulimshika wanawake watatu mpaka damu yake ikatulowesha sote.

Baada ya mazishi walikuja wakaguzi na futi ya chuma. Wakasema umeme haurudi mpaka mbele ya boksi pawe wazi, mita moja kamili kutoka usoni pake, upana usipungue sentimita sabini na tano, kwenda juu zaidi ya kimo cha mtu, na mlango wa boksi ufunguke wote bila kugonga chochote. Si kiroba, si ndoo, hata ufagio usiwekwe hapo.

"Mita moja!" Mzee Hatibu alishika kichwa. "Chumba chenyewe kama sanduku, leo mnanikata mita moja? Nisagie wapi, juu ya paa?"

"Saga unapotaka, mzee," mkaguzi alimjibu. "Hapa fundi atasimama, na akirudi nyuma arudi kwenye hewa."

Kazi ilifanywa na Pancras, fundi aliyejifunza kwa Fabrice. Walibomoa ukuta wa stoo ya pumba, wakasogeza kinu na mota, na bado nafasi ilitosha kwa shida, maana chumba kikipanuliwa huku kinabanwa na mteremko, huku na nyumba ya jirani. Mwishoni Pancras akapiga magoti, akapaka sakafuni mraba kwa rangi nyekundu ya mafuta. Restuta alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cheusi cha msiba kichwani, anatazama brashi inavyokwenda.

Siku ya tatu alimfuata Mzee Hatibu. "Shikamoo. Nimesikia hujapata mtu wa kuendesha mashine."

"Marahaba, mwanangu. Sijapata. Wanaume wanaogopa, wanasema chumba kina mtu. Lakini wewe mwanamke, utaziweza nguvu za kinu?"

"Kinu nitakiweza. Nataka unipe ule mraba. Nikisema kitu kitoke pale, kitoke, hata kikiwa chako."

Mzee alimtazama kovu la paji la uso, akampa ufunguo.

Vita vilianza siku ile ile. Restuta alitoa foleni yote nje uani, na watu wakatii kwa siku moja. Lakini ule mraba mwekundu ulikuwa sehemu pekee ya chumba isiyo na unga wala mzigo, na sehemu iliyo wazi inamwita mtu. Mmoja anasema naweka dakika mbili tu. Mwingine anamketisha mtoto pale ili asichafuke. Restuta hakuwa anasema mara mbili. Ndoo aliirusha na mahindi yake. Mama mmoja wa kwaya yetu alimng'ata mkono, naye akamgonga kwa kiwiko mpaka pua ikavimba kama nyanya. Mwenye pikipiki mmoja aliegesha gunia pale akamcheka usoni, "Mjane wa shoti, nioneshe sheria imeandikwa wapi," na Restuta akachukua ile fimbo nzito ya kusukumia mahindi kwenye kinu, akamwonesha. Mkono wa yule mwanamume ulivunjika juu kidogo ya kifundo. Ndugu zake walirudi jioni watano, wakamburuza Restuta kwa nywele kuzunguka uani, wakamkanyaga mbavu, wakamwacha kwenye pumba. Asubuhi alifungua mashine kama kawaida. Alikuwa anapumua kwa juu juu.

Nilimwambia, "Dada, huwezi kumlinda mtu aliyekwisha kufa."

Akanijibu, "Melania, mimi nilimuua kwa debe mbili za mahindi. Niache."

Nilimwacha, ingawa nilimwombea kila siku, na nilitamani sana Mungu amwondolee ule mkono wa haraka.

Mwisho mtendaji wa kata, Bwana Bonaventura, alimwita yeye na Mzee Hatibu ofisini. Tulijaa madirishani kusikiliza. Akasema mashtaka ni saba na meza yake haina nafasi ya la nane. "Mama Tecla, nakuheshimu na msiba wako naujua. Lakini ukimwaga damu ya mtu mara moja nyingine, ukaanza wewe, utapanda gari kwenda polisi Ngara, na Mzee hapa ataweka mtu mwingine."

Mzee Hatibu aliinamisha kichwa. "Nimekubali, mwanangu. Sina namna."

Restuta akauliza, "Huyo mtu mwingine atalinda mraba?"

Mtendaji akalifunga faili la mashtaka. Kwa miezi minne baada ya hapo hakumgusa mtu. Alikuwa anasimama ndani ya ule mstari mwekundu na ile fimbo mkononi, anatazama tu, na watu wakawa wanampita mbali. Nilidhani sala zangu zimefika.

Ikaja wiki ile ya mvua za Machi. Umeme ulikatika siku tatu, na ulipowaka Jumamosi asubuhi, uani kulikuwa na viroba na ndoo zaidi ya mia. Watu walikuwa hawajala ugali tangu Jumatano. Restuta alisaga kwa saa moja, kisha boksi likaanza kunguruma na kutoa harufu ya plastiki inayoungua. Akazima, akampigia simu Pancras.

Pancras alifika, akafungua boksi, akasema waya mmoja umelegea tena juu ya swichi. Sasa, kwa ninyi mlio mbali na mambo haya, ile swichi kubwa ukiizima, vya chini yake vinakufa, lakini nyaya za juu zinazotoka kwenye nguzo zinabaki hai. Hizo zinazimwa huko huko nguzoni na wenye nguzo, watu wa shirika la umeme, mpaka uwapigie simu.

Akatoka nje na simu sikioni. Watu wakamzunguka. "Fundi, watoto wanalia!" "Fundi, wewe umekula, ndiyo maana una subira!" Mmoja alimtupia gunzi likampata shingoni. Alirudi ndani uso umeloa jasho.

Restuta akamwuliza, "Shemeji, wamezima kwenye nguzo?"

"Wamezima."

"Kweli?"

"Nimesema wamezima, shemeji. Niache nifanye kazi."

Akaingia ndani ya mraba, akaelekea boksi, mgongo kwetu. Restuta akasimama nyuma yake, nje ya mstari, anatazama mlango. Ndipo mvua ilipomwagika. Haikuanza kwa matone, ilishuka yote kwa mara moja. Uani watu wakapiga yowe na kila mmoja akanyakua mzigo wake akakimbilia mlango ule mmoja. Mimi nilikuwa tayari ndani karibu na mota, nikabanwa ukutani mpaka sikuweza kuinua mkono. Watu walipandana. Ndoo ziligongana. Restuta alipanua mikono akawarudisha kwa kifua, akisema kwa sauti ya kawaida, "Si hapo. Simameni popote, si hapo."

Mwanamke aliyeitwa Niragira alikuja na kiroba cha udaga kichwani. Tulikuwa tunamjua kwa sura, ni mkulima wa huko karibu na mpaka, mwenye mabega kama ya mwanamume. Alikuwa ameuleta ule muhogo mkavu kwa miguu tangu Jumatano. Udaga ukilowa baada ya kukauka umekwisha, unaota ukungu, hauliki. Alitazama chumba, akaona nafasi moja tu sakafuni. Akapita chini ya mkono wa Restuta, akatua kiroba katikati ya mraba, kwenye visigino vya Pancras.

"Toa," Restuta akasema.

"Nikitoe niende nacho wapi? Huoni mvua?"

"Toa, mama. Nakuomba."

Sikuwahi kumsikia Restuta akitumia neno hilo. Niragira akaweka mikono kiunoni. "Huyu ndiye yule mwenye rangi yake? Siondoi. Nimekaa foleni siku tatu. Hiki ni mimi mwenyewe, umesikia? Nisukume basi!"

Restuta alitazama mgongo wa Pancras. Mkono wa fundi ulikuwa umekwisha kuingia ndani ya boksi na spana. Alitazama kiroba. Halafu akamchapa Niragira kwa fimbo katikati ya uso, nikasikia mfupa. Niragira akayumba. Restuta akainua kile kiroba chote, sijui alitoa wapi nguvu, akakitupa juu ya vichwa vya watu mpaka mlangoni, kikapasukia kwenye tope na mvua.

Kilichofuata sipendi kukiandika. Niragira aliona udaga wake unavimba kwenye maji, akarudi na kichwa mbele kama fahali. Alimgonga Restuta mdomoni. Wengine waliokuwa na visasi vyao vya zamani wakapata nafasi. Mmoja alimpiga kwa ndoo tupu ya bati, mwingine kwa ngumi za mgongo, mwingine anamvuta sikio. Meno mawili yalianguka nikayaona sakafuni, meupe kwenye unga mweupe. Restuta akaanguka. Na alipoanguka, alianguka ndani ya mraba, chali, kichwa chake kikiwa kwenye visigino vya Pancras.

"Nani yuko nyuma yangu?" Pancras aliuliza bila kugeuka. Hakuweza kugeuka, spana ilikuwa tayari kwenye waya. "Shemeji! Nyuma kuna kitu?"

Restuta mdomo ulikuwa umejaa damu. Alitoa sauti, haikuwa neno. Niragira alikuwa amemshika mguu, anamvuta kuelekea mlangoni, akipiga kelele kwamba atamlisha ule udaga na matope yake. Huko nje walikuwa wanamngoja wengine na vipande vya matofali. Restuta alikuwa ameshika mguu wa chuma wa mota kwa mikono miwili. Wanavuta, naye ameng'ang'ania, na mwili wake umelala katikati ya mita ile moja kama gogo.

Nilimwona akiangalia juu. Aliona visigino vya Pancras. Nadhani aliona pia walio nje, maana aliangalia na huko.

Akaachia.

Niragira hakutegemea. Alimvuta kwa nguvu zake zote na Restuta akateleza juu ya unga kama sabuni, akapita mstari mwekundu, akapita kizingiti, akaangukia kwenye tope. Wakamfunika kwa mateke.

Shoti ilipiga hapo hapo. Mwanga ulikuwa wa buluu na nikaona mifupa ya mkono wangu mwenyewe nilioufunikia macho, au niliona hivyo. Pancras aliruka nyuma akipiga mayowe. Akaruka hatua moja, hatua ya pili, miguu ikakosana, akaanguka kwa makalio kwenye sakafu tupu, mkono wa kulia unafuka moshi, nyusi hazipo. Boksi lilitema cheche tena mbele yake, zikamfikia karibu na viatu, zikazimika. Akabaki amekaa, anapumua kwa kinywa wazi kama mtoto mchanga.

Huko nje mateke yalikoma.

Restuta aliingia anatambaa, kisha akasimama kwa kushika ukuta. Jicho moja limefumba, kidevu chote damu. Alimwendea Pancras, akamwinamia, nikadhani anamtazama mkono. Akampiga kofi. Kisha la pili upande wa pili.

"Ulisema wamezima!"

"Watu walikuwa..." Pancras alianza kulia. "Walikuwa wamechoka kungoja, shemeji."

"Ulisema wamezima!" Na la tatu.

Mgambo walipeleka taarifa kwa Bwana Bonaventura, naye akafika kwa miguu, amejifunika nailoni. Alitazama damu sakafuni, akatazama uso wa Niragira uliovimba kutoka jicho mpaka shavu, alama ya fimbo imelala pale wazi.

"Nani ameanza?" akauliza.

Tulikuwa watu zaidi ya arobaini. Kila mtu akashughulika na mzigo wake. Restuta aliegemea ukuta, akitazama ule mraba kana kwamba unatoka mikononi mwake.

"Wewe mama," mtendaji alimgeukia Niragira, "nani amekupiga hivyo?"

Niragira alimtazama Pancras aliyekuwa amekaa chini, mkono umefungwa kwa khanga ya mtu. Akatazama mahali alipokuwa ametua kiroba.

"Niliteleza," akasema. "Nikajigonga kwenye mlango."

"Mlango una umbo la fimbo?"

"Mlango wa chuma, bwana. Umenyooka."

"Na huyu, meno yake?"

"Na yeye aliteleza. Kuna unga mwingi humu, hamuoni?"

Mtendaji akanigeukia mimi, maana ananijua kwamba ni mtu wa kanisa. "Mama Melania, ni kweli?"

Nikasema ni kweli. Nimekwisha kuungama, na kitubio nimekimaliza.

Akaondoka akinung'unika. Restuta akajifuta kidevu. Niragira akamsogelea mpaka pua zikakaribiana, na watu wakarudi nyuma.

"Usidhani nimekusamehe. Udaga wangu umelowa."

"Nitakuanikia."

"Utauanika wapi na mvua hii?"

"Jikoni kwangu, juu ya moto."

Waliuokota kipande kimoja kimoja kwenye tope, Restuta kwa magoti, Niragira kwa jicho moja, hawasemezani. Kwa siku nne ile nyumba ilinuka muhogo mbichi na moshi mpaka mtoto Tecla akaja kulala kwangu. Niragira alifika kila asubuhi kugeuza vipande juu ya kichanja cha mianzi. Hapigi hodi, hasalimu, anageuza tu, anaondoka. Siku ya nne udaga ulikuwa umekauka kiasi chake, sehemu tu ndiyo iliyooza. Akaufunga kwenye kiroba kipya, akajitwisha, akasimama mlangoni.

"Pengo linauma?" akauliza.

"Linauma," Restuta akamjibu.

"Vizuri," Niragira akasema, akashika njia ya mashineni.